Ubao wa Lori la Bibi Zuleica

Kona yetu iko Palma, kaskazini mwa Msumbiji, pale njia ya Namoto inapoachana na njia ya sokoni. Benchi ni ubao mmoja juu ya nguzo mbili za mkandaa zilizochimbiwa ardhini, na wanaolikalia hawabadiliki. Yupo Issufo, tunayemwita Redio, kwa sababu ana redio ya betri na hata ikizimwa yeye anaendelea kutangaza. Yupo mzee Abdurrazaque, tunayemwita Chefe, yaani bosi, ambaye zamani alikuwa anafagia ofisi ya serikali na tangu hapo husema "sisi serikali". Yupo Mussagy wa Methali, mwenye methali ya kila jambo isipokuwa lile linalozungumzwa. Na yupo Amade, fundi wa mashua, aliyelitengeneza benchi lenyewe, ambaye huja kunywa na kunyamaza. Mimi ni Mudi, muuza kahawa. Nilivuka Ruvuma miaka mingi nyuma kumfuata mke, nikabaki na dele la kahawa. Ninayoyasimulia ni ya mwaka ule gesi ilipokuwa imeonekana baharini na kila mgeni aliyeshuka garini alikuwa na karatasi mkononi. Tulikuwa tumeanza kumshuku hata kuku wa jirani.

Ng'ambo ya njia, mbele ya benchi, kulikuwa na uwanja, na uwanjani banda la makuti, na bandani lori. Lilikuwa Ford la zamani sana, la kabla mama yangu hajazaliwa, lenye pua ndefu na kiti cha mbele cha mbao. Mwenyewe ni Bibi Zuleica. Baba mkwe wake alilipata kwa Mreno mmoja mwenye mashamba ya minazi, akabebea mbata mpaka lilipochoka. Lori hilohilo ndilo lililomleta Zuleica kutoka Mbau siku aliyoolewa, amekaa mbele, amefunikwa, nyayo zake juu ya ubao. Mkwe alikufa, mume akafuata, lori likabaki.

Miezi miwili nyuma walikuja watu wa kupima, wakapiga vigingi vyeupe vyenye utepe mwekundu. Kampuni moja ilitaka mahali pa kuweka makontena. Nyumba ya Zuleica ilibaki nje ya mstari, lakini uwanja wake uliingia ndani. Wakasema trekta litakuja kusafisha siku ya Ijumaa waliyoitaja, na sharti lao lilikuwa fupi: chombo kinachoweza kuondoka chenyewe, mwenyewe akiondoe, kisichoweza, hicho ni chuma chakavu, kitasukumwa. Mussagy akawaambia "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", na mkalimani wao, maskini, akaitafsiri, na mzungu akaiandika. Kigingi kimoja walikipiga nyuma ya benchi letu. Kilikuwa kimenyooka vizuri, nami nikakifanya mahali pa kuanikia kitambaa cha vikombe.

Zuleica hakulia wala hakwenda ofisini. Alimwita Ossufo, fundi wa injini kutoka Nampula, na baada ya siku tisa na matusi mengi lile lori likanguruma. Likabaki jambo moja. Sakafu ya mbele, pale dereva anapoweka miguu, ilikuwa ya mbao na ilikuwa imeoza. Ukikaa kwenye usukani miguu inaning'inia juu ya barabara, na moshi wa injini unakupanda usoni. Ulihitajika ubao mpya ulio sawasawa na ule wa zamani, wenye matundu matatu ya pedali: klachi, breki na mafuta. Kazi hiyo alipewa Amade.

Jumapili tulimwona akipita na ubao wa zamani kwapani, umekuwa vipande viwili. Mussagy akamrushia: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Amade akaitikia kwa kichwa. Nakumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akiitikia methali ya Mussagy.

Halafu mambo yakaanza kuwa mambo. Zuleica alitundika kapulana mbili, vitenge vya huku, kuzunguka kichwa cha lori. Kila asubuhi Amade aliingia nyuma ya kapulana na kitu kimeviringishwa kwenye mkeka, na kila jioni alitoka na mkeka uleule, bado umeviringishwa. Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Kahawa alikuwa akinywa kikombe kimoja na kashata hagusi.

Alhamisi baada ya alasiri, Amade alikuwa hajafika. Redio ndiye aliyeanza.

— Siku nne, — alisema. — Ubao mmoja. Mie nnauliza tu.

— Uliza, — alisema Chefe.

— Huyuhuyu Amade mwaka juzi alitandika sitaha ya mashua ya Abdulatifu kwa siku tano. Sitaha nzima. Leo kipande cha kuwekea miguu kinamshinda?

— Hakimshindi. Anajichelewesha. Sisi serikali tunajua tofauti.

— Basi nisikilizeni. Mkeka unaingia mzito, unatoka mzito. Ubao ukishawekwa, mkeka si utoke mtupu? Ukitoka mzito, ujue kuna kitu kimebadilishwa na kitu.

Hoja hiyo ilinigusa, kwa kuwa mimi mwenyewe mkeka nilikuwa nimeuona. Kazi yangu ni kuangalia mikono ya watu, nani ana kikombe na nani hana, na mikono ya Amade ilikuwa inaubeba ule mkeka kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Niliwamiminia.

Redio akaeleza kwamba kitu chenyewe ni mawe mekundu ya Montepuez. Watu wanayachimba kule, polisi wamejaa njiani hadi Awasse, na sasa mtu mwerevu anatafuta gari ambalo polisi watalicheka badala ya kulipekua. Sakafu inakuwa mbili, moja juu ya nyingine, na mawe yanalala katikati. Zuleica ataonekana mjane anayekwenda kwao Mbau, kumbe amekanyaga utajiri.

— Hapana, — alisema Chefe. — Então, haya basi, jiwe ni dogo. Jiwe linapita ndani ya soksi. Kitu gani hakipiti ndani ya soksi?

Tulitazama miguu yetu.

— Dokumento, — alisema Chefe. — Mreno alikuwa na daftari la ardhi yote ya hapa, shamba kwa shamba, jina kwa jina. Alipoondoka, lile daftari halikuonekana. Nilifagia ile ofisi miaka saba, nisingeliona? Liko chini ya miguu ya dereva. Sasa gesi imekuja, ardhi ina bei, Zuleica analitoa ukurasa kwa ukurasa ndani ya mkeka.

— Mficha uchi hazai, — alisema Mussagy. — Na Zuleica ana watoto sita. Kwa hiyo hafichi kitu.

Nilikaa na maneno hayo kidogo, nikaona heri nipulize makaa.

Redio hakupenda kushindwa na daftari. Alivuta kiti chake cha ndoo karibu, akapunguza sauti ya redio ambayo haikuwa imewashwa.

— Jiulizeni swali moja. Mreno alipoondoka, kwa nini hakuondoka na lori lake?

— Aliliuza, — nilisema.

— Alijidai kuliuza, Mudi. Alilipanga. Kaliegesha mahali pamoja, na kwa mkataba wa siri, lisisogezwe. Unafikiri Mreno hakuijua gesi? Aliijua. Alitoboa, akaona, akaziba kwa lori, akasema atarudi. Hizo meli zinazohangaika huko baharini zinatafuta kitu kilichofunikwa hapa kwa tairi nne. Nani kati yenu hajasikia harufu pale bandani?

Sote tulikuwa tumeisikia. Ilikuwa harufu ya mbuzi wa Zuleica, lakini nakiri nilivuta pumzi.

— Ubao haukai, — aliendelea Redio, — kwa sababu gesi inausukuma kutoka chini.

— Paka akiondoka, panya hutawala, — alisema Mussagy, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Chefe alimwangalia kama mtu aliyesema kitu.

Mpaka hapo ilikuwa kijiwe cha siku zote. Mtu anatupa neno, mwingine analipandisha, mwisho kahawa inakwisha tunakwenda kuswali magharibi. Lakini Chefe aliweka kikombe chini polepole, akafuta ndevu, akasema jambo ambalo heri angeliacha tumboni.

— Msikitini pamepotea ubao.

Nyuma ya msikiti wetu kuna mbao zinazowekwa akiba kwa ajili ya makaburi, za kufunikia mwanandani. Hakuna anayezigusa mpaka awepo maiti. Hata watoto wanazipitia mbali.

— Nilizihesabu kwa macho yangu, — alisema Chefe. — Umepungua mmoja. Mkavu, mrefu, umerandwa vizuri. Sitaji jina la mtu.

Hakulazimika kulitaja, kwa sababu mwenyewe alikuwa anavuka njia, mkeka kwapani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Amade alitoa salamu, tukaitikia kwa sauti ndogo. Alikaa mwisho wa benchi. Nilimpa kikombe, akakishika bila kunywa. Ningeweza kusema neno hapo. Nilimjua miaka yote hiyo, na mlango wa nyumba yangu aliuning'iniza yeye. Badala yake nilijifanya makaa yanataka kufa. Ninaona haya mpaka leo.

— Fundi, — alisema Redio. — Watu wanauliza.

— Watu gani?

— Watu tu.

— Fungua mkeka, — alisema Chefe, kwa ile sauti ya ofisini. — Kama ni halali yako, fungua. Msikiti umepoteza ubao wa kaburi.

Amade alimtazama. Kisha aliweka kikombe chini, akaulaza mkeka juu ya magoti, akaukunjua.

Sijui mbao, lakini macho ninayo. Ulikuwa ubao wa mvule, rangi ya asali iliyokaa, umerandwa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Kingo zake zilikuwa zimeviringwa. Matundu yake matatu, marefu membamba, yalikuwa yamechongwa kwa patasi, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Mussagy alinyoosha mkono auguse, akaurudisha.

— Huu ni wa baba yangu, — alisema Amade. — Ulibaki kwenye mashua yake ya mwisho. Umelala chini ya kitanda changu miaka kumi na moja, sikuona kazi inayoustahili. Ubao wa msikiti ameuchukua Abdurremane mwadhini, ameuegemeza kwenye banda la mbuzi wake mpaka apate mlango. Nenda kaangalie, Chefe.

Chefe hakwenda. Alisema pois, yaani basi sawa, akatafuta kikombe chake, akakuta amekikanyaga.

Redio ni Redio. Aibu ilimkaa kidogo tu, halafu akauliza: kama mambo ni safi, siku nne za nini, na kapulana za nini?

Amade alijibu akitazama ubao, siyo sisi.

— Kapulana nimeomba mimi. Sikutaka mnione. Hauingii.

Tulimwomba aeleze, naye akaeleza, maneno mengi kuliko aliyowahi kusema kijiweni mwaka mzima. Kila pedali ni fimbo nyembamba inayopanda kutoka chini, na juu yake kuna bamba pana la kukanyagia, upana wa kiganja. Matundu ni ya fimbo, kwa sababu yale ya ubao wa zamani yalikuwa hivyo. Ukiushusha ubao kutoka juu, mabamba yanakataa kupita. Ukiupandisha kutoka chini, vyuma vya chesi, vile vinavyobeba gari, vinakataa. Ossufo amejaribu kung'oa mabamba, kutu imeyashika. Nyundo moja zaidi yanavunjika, na pedali za gari lile hazipatikani hata Nampula. Ukipanua matundu mabamba yapite, mguu wa dereva utatumbukia na moshi utarudi usoni. Ameulaza ubavu, ameusimamisha, ameuingiza kwa kona. Na kesho ni Ijumaa.

— Bibi Zuleica anajua? — niliuliza.

— Kila jioni ananiuliza. Kila jioni nnamwambia kesho. Leo hakuuliza, kaniletea maji tu.

Hilo liliniuma kuliko yote. Mwanamke akiacha kuuliza, ujue ameshaanza kuzoea.

Wakati huo benchi lote likawa linashuku upya, ila sasa tulikuwa upande wa Amade. Chefe akasema kuna mkono wa kampuni: Ossufo amepewa kitu ili pedali zisitoke. Redio akasema wale watu wa kupima walipita na chombo chao chenye jicho la kioo, na chombo kile kikikutazama vipimo vyote vya karibu vinahama. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliuliza kama marehemu baba mkwe alikuwa na jini lake ambalo halijaagwa.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — alisema Mussagy.

— Niliinama jana, — alisema Amade. — Mgongo bado unauma. Nimeshasema chini hakuingiliki.

Hapo ndipo alipofika Mwanvua. Ni fundi cherehani, alitoka upande wa Mtwara wiki tatu nyuma, akakodi baraza moja sokoni. Kila jioni alikuja na chupa yake ya chai nimjazie kahawa, anashona mpaka usiku. Siku hiyo begani alikuwa na kanzu nyeupe ambayo haijamalizwa.

— Shikamooni wazee wangu. Kaka Mudi, nijazie.

Wakati namjazia, macho yake yaliuangukia ubao uliolala magotini mwa Amade. Aliusifu. Akauliza ni wa nini, na Redio akamweleza kwa kirefu, pamoja na chombo chenye jicho la kioo. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza:

— Na ule wa zamani, waliuingizaje?

Chefe alitazama upande wa sokoni. Ubao wa zamani ulikuwa umekaa ndani ya lori lile maisha yake yote, pedali zilezile, chesi ileile. Mtu aliuingiza. Tulikuwa na daftari la Mreno, tulikuwa na mawe, tulikuwa na gesi na jini, lakini hilo hatukuwa nalo.

— Ulikuwa umepasuka, — alisema Amade polepole.

— Umepasukia wapi, baba?

— Katikati.

— Katikati, kwenye matundu?

— Kwenye matundu.

— Yote matatu?

Amade alipitisha kidole kwenye ubao wake, kutoka tundu la klachi hadi la breki, kutoka la breki hadi la mafuta. Mstari mmoja, umenyooka.

— Kichwa ni kipana kuliko shingo, — alisema Mwanvua, na akashusha kanzu begani akatuonyesha. — Nikishona tundu la shingo vizuri namna gani, nisipopasua hapa kifuani haivaliki. Inapasuliwa kwanza, ikishavaliwa inafungwa kifungo.

Hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo.

Inabidi niwaambie jambo la mafundi wa mashua, la sivyo mtamwona Amade mjinga, na mjinga si yeye. Kwenye mashua, maungio hayapitishwi penye tundu. Tundu ni adui, maungio ni adui, na maadui wawili hawakutanishwi, kwa kuwa maji yatajua na watu watazama. Amade alifundishwa hilo na baba yake kwa fimbo. Kwa hiyo alipoona ubao wa zamani umeachana palepale kwenye matundu, hakuweza kufikiri kwamba kuna fundi duniani aliyefanya hivyo kwa makusudi. Alidhani ni uzee. Aliuonea huruma. Akavibana vile vipande viwili pamoja, akachukua kipimo, akaurudisha uzima ambao haukuwahi kuwa nao.

Na sisi tulimwambia azibe ufa. Tulimgeukia Mussagy sote kwa pamoja. Mussagy akanywa kwenye kikombe kisicho na kitu.

— Baba angenichapa, — alisema Amade. — Kwa kuukata na kwa kutoukata.

Alitoa penseli sikioni. Akapiga mstari, akautazama, akapiga tena juu ya uleule. Akaomba benchi. Tukainuka, akaulaza ubao juu ya benchi, Redio akashika upande mmoja, Chefe upande wa pili, wazee wawili walioutuhumu dakika chache zilizopita sasa wameukumbatia usicheze. Amade aliweka kiganja juu yake, akasema bismillahi, akasimama hivyo kwa muda. Nilidhani ameghairi. Kisha msumeno ukaanza.

Haukuchukua muda. Vipande viwili vilianguka mikononi mwao, na ule mkato ulikuwa umenyooka hivi kwamba ukivirudisha pamoja huoni kitu ila uzi mweusi. Amade alivibeba bila mkeka. Alivuka njia, akaingia nyuma ya kapulana. Tulisikia nyundo mara sita, tukahesabu. Tukashikilia vikombe. Halafu kapulana zikashushwa, na Bibi Zuleica akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama mtu aliyejisahau.

Ijumaa asubuhi lori liliondoka lenyewe. Ossufo alishika usukani, Zuleica akakaa pembeni yake kwenye kile kiti cha mbao, amejifunga vizuri. Kabla ya kupanda alivua ndala, akaziweka mapajani. Walipotufikia walisimama, akamwambia Amade kwamba ubao ni mzuri, ila ule wa zamani ulikuwa na bonde dogo pale mkwe wake alipoweka kisigino.

— Bonde litakuja lenyewe, — alisema Amade. — Mwombe Mungu umri.

Zuleica alicheka, na sisi tukacheka. Lori likapiga honi iliyokuwa na sauti ya mbuzi, likashika njia ya kwenda Mbau. Nilifurahi sana. Nilimimina kahawa kwa kila aliyepita, bure, hata kwa wale wasioijua habari yenyewe, mpaka dele likaanza kutoa machicha.

Redio alikuwa amekwisha kuvuka njia kwenda kuangalia mahali lori lilipokuwa limesimama. Alikaa kule kidogo, ameinama. Alirudi na springi moja ya lori yenye kutu na yai la kuku.

— Tundu? — aliuliza Chefe.

— Wameliziba usiku, — alisema Redio.

Akakaa. Sote tulimjua, tulisubiri.

— Halafu huyu Mwanvua, — alisema. — Fundi cherehani. Habari za pedali kazijuaje?

— Amefika wiki tatu, — alisema Chefe.

— Na kampuni imefika lini?

— Miezi miwili.

— Unaona, — alisema Redio. — Walimtanguliza nani, wakamfuatisha nani. Mie nnauliza tu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Mussagy, na ile ilikuwa methali sahihi, kwa hiyo hakuna aliyeisikiliza.

Mwanvua akatokea akitoka sokoni, chupa mkononi. Aliwasalimu, wakamwitikia wakitazama chini. Nilimwambia kahawa imekwisha, nimeimwaga yote kwa furaha ya lori, anisamehe. Akasema hakuna neno. Kitambaa changu cha vikombe kilikuwa kimeanguka kwenye vumbi. Alikiokota, akakikung'uta, akataka kukirudisha nilipokianika. Alikiweka juu ya kigingi, akakaa akikitazama kile kigingi na utepe wake. Kisha akatazama kigingi kingine kule kwenye kona ya uwanja wa Zuleica, na kingine huku kwenye njia ya Namoto. Alifumba jicho moja, kama wafanyavyo mafundi wa nguo wakitafuta kama mshono umenyooka.

— Kaka Mudi, trekta linakuja leo?

— Baada ya swala ya Ijumaa.

— Na hiki kigingi kiko nyuma yenu. Sasa benchi hili liko upande gani?

Nilitazama mkono wangu wa kulia, nikatazama wa kushoto. Kigingi nyuma, uwanja mbele: benchi lilikuwa ndani ya mstari. Miezi miwili nilianika kitambaa pale kila siku. Redio aliwasha redio, kweli, ikatoa mvumo mtupu. Chefe alisema "sisi serikali", akaishia hapo.

Amade alipiga goti, akaishika nguzo ya benchi kwa mikono miwili, akaitikisa. Haikucheza hata kidogo. Aliichimbia mwenyewe.